Mpini Huchongwa kwa Kufuata Mkono



Mzazi mmoja wa hapa Tlawi ameniletea swali, nami naona yafaa kulijibu mbele ya wote, kwa kuwa nadhani si yeye peke yake ajiulizaye. Vijana walipokuwa wakipanga chumba cha kompyuta, walifungua sanduku la vitu vikuukuu vilivyotoka ng'ambo. Pamoja na kompyuta tatu na nyaya zake, walitoa vyombo ambavyo mzazi huyu hajapata kuviona. Kimoja ni fimbo fupi iliyosimama juu ya kigoda cha plastiki. Kingine ni kibao chenye vitufe vinne vya rangi mbalimbali. Akaniuliza: "Karani, hivi ni vitu gani? Tena, vitawafaa watoto wetu au vitawapotezea wakati bure?"

Maswali ni mawili, nami nitayajibu moja baada ya jingine.

Vyombo vile ni vishikio vya gemu, yaani vitu ambavyo mtu huvishika mkononi ili aongoze michezo ya kompyuta. Ile fimbo huitwa joistiki. Kile kibao vijana hukiita pedi. Vingi vya namna hii vilitengenezwa miaka ya 1990, na wakati ule sisi huku hatukuvijua. Sababu ipo. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na aliyeihitaji kompyuta kwa kazi ilimpasa kuomba kibali. Televisheni za Tanzania Bara zilianza kurusha matangazo mwaka 1994 tu. Basi wakati watoto wa Marekani walipokuwa wakigombania joistiki, watoto wa Mbulu walikuwa wakisukuma magari ya waya.

Lakini msidhani magari yale ni jambo dogo. Litazameni vizuri gari la waya. Lina usukani mrefu unaotoka magurudumuni mpaka mikononi mwa mtoto, ili aliendeshe akiwa amesimama wima. Mtoto mfupi huukata waya mfupi, na mrefu huukata mrefu. Hakuna mtoto anayetengeneza gari la kumfanya atembee ameinama. Watoto wetu walikuwa wakijua bila kufundishwa jambo ambalo makampuni makubwa yalilitafuta kwa fedha nyingi, yaani kwamba chombo humfuata mtu.

Sasa tueleze jinsi joistiki inavyofanya kazi. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani, iliuza pia kadi ya kuunganishia vishikio vya michezo, yenye tundu la pini 15. Tundu lile lilidumu kwa karibu miaka ishirini, na miaka ya 1990 kwa kawaida lilikuwa nyuma ya kadi ya sauti. Ndani ya joistiki mna vizuizi vya umeme ambavyo hubadilika kadiri unavyokisukuma kijiti.

Fikirini bomba la maji na ndoo. Ukilifungua bomba sana, ndoo hujaa upesi. Ukilifungua kidogo, hujaa polepole. Mtu aliyefumba macho, akihesabu tu muda wa ndoo kujaa, aweza kujua bomba limefunguliwa kiasi gani. Kompyuta ya zamani ilifanya vivyo hivyo. Kijiti kilikuwa ndilo bomba. Ndoo ilikuwa kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme. Kompyuta ilihesabu muda wa ndoo ile kujaa, ikajua kijiti kimeelekea wapi.

Ila palikuwa na shida moja. Vijiti havikuwa sawasawa, na hata kijiti kimoja chaweza kubadilika kwa joto na kwa uchakavu. Kwa hiyo kabla ya mchezo kuanza, gemu nyingi zilimwambia mchezaji: sukuma kijiti mpaka kona ya juu upande wa kushoto, ubonyeze, sasa sukuma mpaka kona ya chini upande wa kulia, ubonyeze, sasa kiache katikati. Ndivyo kompyuta ilivyojifunza mwisho wa kila upande. Nao mwisho ule haukuwa wa kijiti peke yake, bali wa mkono uliokisukuma. Aliyesukuma mbali, mbali ndiko kulikohesabiwa kuwa mwisho. Aliyesukuma kidogo, kidogo kile kilihesabiwa kuwa mwisho, na ndege yake kiooni iligeuka sawa na ya mwenzake.

Shikeni neno hili, maana nitarudi kwake.

Miaka ile mafundi walijaribu maumbo mengi, na mengine yalikuwa ya kushangaza. Nitataja manne.

Mwaka 1991 kampuni ya Gravis ya Kanada ilitoa pedi yenye vitufe vinne vya rangi, mfano wa ile iliyotoka sandukuni. Ilikuwa na swichi ndogo. Ukiisogeza, mtu atumiaye mkono wa kushoto aliweza kuigeuza pedi na kuishika kwa namna iliyomfaa. Swichi ndogo tu, ya thamani ya senti chache, lakini ilionyesha kwamba aliyeitengeneza alimkumbuka mtu ambaye wengi humsahau.

Mwaka 1993 kampuni ya Logitech ilitoa chombo kilichoitwa CyberMan. Kilifanana na kipanya cha kompyuta kilichosimamishwa juu ya shina. Uliweza kukisukuma, kukiinua, kukishindilia na kukiinamisha, nacho kilitetemeka mkononi gemu ilipotaka kumshtua mchezaji. Wengi waliona kuwa ni kigumu kukizoea, na hakikudumu sokoni.

Mwaka 1996 ukaja SpaceOrb 360, mpira uliowekwa juu ya kishikio. Mpira wenyewe hausogei sana, ila huhisi nguvu ya vidole: ukiusukuma mbele unakwenda mbele, ukiuvuta juu unapanda, ukiusokota unageuka. Ulifaa hasa kwa gemu kama Descent, iliyotolewa mwaka 1995, ambamo mchezaji huruka ndani ya mashimo ya migodi akielekea pande zote. Wala wazo lake halikuwa mchezo mtupu. Mwaka 1993, katika safari ya chombo cha angani Columbia, watafiti wa Ujerumani walitumia mpira wa jamii hiyo kuongozea mkono wa chuma uliofanya kazi huko juu.

Mwaka 1998 kampuni ya Microsoft ilitoa pedi iliyoitwa Freestyle Pro. Hii ilihisi jinsi ilivyoinamishwa. Mchezaji wa gemu ya pikipiki aliinamisha mikono yake, na pikipiki kiooni ikalala upande ule ule. Watu wengine walicheka. Lakini leo ukiilaza simu ya mkononi, nayo picha ikajigeuza, elewa kwamba simu yako yahisi kuinama kama ilivyohisi pedi ile.

Basi kwa nini vyombo hivi vingi vimekwisha, tena vingine upesi? Jibu la kwanza ni tundu. Tangu mwaka 1996 lilianza kuingia tundu jipya la USB, lile lile mnalolitumia kuchajia simu na kuunganishia vitu vingi, na baada ya miaka michache kompyuta mpya ziliacha tundu la pini 15. Jibu la pili ni mkono. Vyombo vingine vilimdai mtu auvunje mkono wake na kuuumba upya kabla hajaanza kufurahi. Wakati huohuo kipanya na kibodi vilikuwa tayari mezani kwa kila mtu. Mwaka 1997 kijana mmoja Mmarekani, Dennis Fong, aliyejulikana kwa jina la Thresh, alishinda mashindano ya gemu ya Quake na kuzawadiwa gari la Ferrari lililokuwa mali ya John Carmack, mmoja wa watungaji wa gemu ile. Hakutumia mpira wala chombo cha kuinamisha. Alitumia kibodi na kipanya.

Mtu aweza kusema: basi, yamekwisha, chombo cha kawaida kimeshinda. Ndivyo kwa wale wenye mikono miwili mizima. Je, asiye nayo?

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitengeneza kishikio kwa mtu asiyeweza kutumia mikono kabisa. Kilivaliwa kifuani. Mchezaji aliongoza kijiti kwa kidevu, na badala ya kubonyeza vitufe alivuta na kupuliza pumzi katika mrija. Wazo hilo halikufa. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa kishikio kingine chenye vitufe viwili vikubwa kama sahani ndogo, na nyuma yake safu ya matundu 19 ambamo mtu huchomeka kifaa chochote kimfaacho: kitufe cha kukanyaga kwa mguu, cha kugusa kwa kiwiko, au kijiti cha kidevu. Mwaka 2023 kampuni ya Sony nayo ilitoa chake cha namna hiyo. Watu wazima wenye akili zao walikaa na kuuliza: mtu huyu anaweza nini? Kisha wakaanza kazi hapo.

Sasa nije kwa mtoto mmoja wa kijiji jirani, ambaye simtaji jina. Ana umri wa miaka kumi na mmoja. Mkono wake wa kulia ni dhaifu tangu kuzaliwa: kiganja kimejikunja na vidole havifunguki vizuri. Mkono wa kushoto ni mzima kabisa. Lakini nyumbani walimkataza kuutumia mezani na hata kuandikia, wakisema mkono wa kushoto hauna adabu. Basi kwa mkono mgonjwa hakuweza, na kwa mkono mzima hakuruhusiwa. Akabaki nyuma darasani mwaka hata mwaka, mpaka baba yake akaamua kuwa ni afadhali akae nyumbani achunge.

Siku moja alifuatana na kaka yake mpaka chumba cha kompyuta. Wenzake walikuwa wakicheza gemu ya ndege kwa ile fimbo. Zamu ilipomfikia, kijana mmoja akasema, "Huyu hawezi." Msimamizi hakubishana naye. Aliianzisha gemu upya, akamsogezea binti kigoda cha joistiki karibu na mkono wake wa kulia, akamwambia asukume pale anapofika, asijilazimishe. Binti akasukuma kwa mgongo wa kiganja. Kijiti kikasogea kama upana wa vidole viwili tu. Akabonyeza kwa mkono wa kushoto. Akasukuma upande wa pili, akabonyeza tena. Kompyuta ikakubali. Kisha ndege yake ikapaa, ikageuka kushoto na kulia, ikafika ukingoni mwa kioo kama za wengine.

Baba yake alikuja kumtafuta, akasimama mlangoni akitazama. Siku ile hakusema neno. Baada ya siku chache alifika ofisini kwangu kwa shughuli nyingine ya vyeti, na alipokuwa akiondoka akageuka, akaniuliza: "Karani, kama kitu kile kiliweza kumngoja mwanangu, shule haiwezi?"

Mwaliona swali hilo? Chombo kikuukuu kilichotupwa na wenyewe kilikuwa kimemwuliza yule mtoto jambo ambalo sisi watu hatujamwuliza: wafika wapi? Sisi tulikuwa tumeweka mwisho wenyewe, tukampima kwa mwisho wa wengine, tukasema hawezi.

Binti amerudi shuleni, naye aandika kwa mkono wa kushoto. Siwadanganyi kwamba mambo yote yamenyooka. Hesabu bado zamsumbua, na wapo wanaomcheka. Lakini yumo darasani.

Wazazi wenzangu, katika vijiji vyetu wapo watoto wengine kama huyu. Wengine hawaonekani hata siku za sikukuu, kwa sababu wamewekwa ndani. Kwao nasema mambo manne.

Kwanza, mtazame mtoto kwa siku chache bila kumsaidia upesi. Angalia ni mkono gani ashikao nao kikombe, ni kidole gani chenye nguvu, kiwiko chafika wapi, mguu waweza nini. Usiandike yale asiyoyaweza. Hayo wayajua tayari. Andika anayoyaweza.

Pili, kigeuze chombo. Sote twajua kwamba mpini wa jembe huchongwa kwa kufuata mkono wa mwenye kulima. Mtoto hapewi mpini wa baba yake. Basi fanya hivyo kwa vitu vingine. Kalamu nyembamba humtoroka mtoto mwenye vidole dhaifu. Izungushie ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli mpaka inenepe. Kijiko nacho vilevile. Sahani ikiteleza, weka kitambaa kilicholowa chini yake. Daftari likihama, libane mezani kwa kibao na jiwe. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji fedha.

Tatu, usimpige wala usimwaibishe mtoto atumiaye mkono wa kushoto. Adabu imo katika kunawa, katika kusalimu na katika kuheshimu wakubwa. Haimo katika kuufunga mkono mzima. Ikiwa katika kiwanda cha Kanada walimwekea swichi mtu wasiyemjua, sisi twashindwaje kumpa nafasi mtoto tuliyemzaa?

Nne, msikae nyumbani na ugonjwa mkingoja ukue. Mtoto mchanga asiyekunja au asiyekunjua mkono apelekwe hospitali mapema, kwa maana mazoezi ya viungo husaidia zaidi angali mdogo. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1981 chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo vya bandia. Huko Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imewahudumia watu wenye ulemavu tangu mwaka 1994. Najua safari ni ndefu na nauli ni nzito. Lakini anzeni kwa mganga wa zahanati yenu, mwulizeni njia, na msikubali kurudishwa bila maelezo. Tena kumbukeni kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake. Akikataliwa shuleni, mzazi aenda kudai haki, haendi kuomba hisani.

Sasa lile swali la pili: je, vyombo hivi vitawapotezea watoto wakati? Vyaweza. Gemu haina kengele ya kumwambia mtoto kwamba mbuzi hawajafungwa na maji hayajatekwa. Kwa hiyo saa ziwekwe na wakubwa: kazi ya nyumbani kwanza, masomo pili, gemu baadaye, na giza likiingia chumba kifungwe. Zamu ziwe sawa kwa wavulana na wasichana. Pia msichanganye gemu hizi na zile mashine za kubahatisha zinazomeza sarafu za vijana madukani. Zile zimetengenezwa ili mtu apoteze. Gemu hizi humfundisha mtoto kuona, kuamua na kujaribu tena.

Nanyi vijana mnaotunza chumba kile, nawaomba jambo moja. Kompyuta mpya ikija, haitakuwa na tundu la pini 15, na mtashawishika kuitupa fimbo ile pamoja na kompyuta yake. Msiitupe bado. Ipanguseni vumbi, ifunikeni kwa kitambaa, na kila mtoto mgeni ajapo, muulizeni kwanza anafika wapi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza jinsi ya kutunza betri za taa za jua, maana nimesikia kwamba nyingi zimekufa kabla ya wakati wake. Mpaka hapo, kaeni salama.